Haikuwa Mimba, Haikuwa Kiki: Kilichomwangusha Yule Mrembo wa Chuo Jukwaani

Majina yanabaki kapuni. Chuo nacho kapuni, na hata lile gauni jekundu lisitajwe nani alilishona. Ila wadau wa mjini video wanaijua. Sekunde kama kumi na mbili hivi. Binti kashika maiki, taa za rangi zinazunguka, anamkaribisha msanii jukwaani, anacheka, anakohoa mara mbili pembeni ya maiki, halafu anashuka chini taratibu kama mtu anayetaka kukaa kwenye mkeka. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa, kisha akalala. DJ akadhani ni mbwembwe, akaongeza sauti.

Kufika Jumamosi asubuhi video ilikuwa imeshapita kwenye kila grupu la WhatsApp, na kwenye komenti watu walishagawana kambi. Kambi kubwa kuliko zote: mimba. Kuna waliohesabu mpaka miezi kwa kuangalia tu jinsi gauni lilivyokaa kiunoni. Kambi ya pili: kiki, bibie anatafuta wafuasi. Kambi ya tatu ikasema yule bwana wake wa zamani kaenda kwa mganga. Kuna mtu mmoja tu aliandika, "Huyo ana mafua jamani, sikilizeni anavyokohoa." Akachekwa, akawekewa vikatuni vya kulia kwa kicheko mpaka akaifuta komenti yake.

Yule mmoja ndo alikuwa sahihi.

Sasa rudi nyuma siku nne, Jumatatu jioni. Vimbweta vya nyuma ya maktaba vimejaa kama kawaida ya wiki ya tesiti. Kikundi chao cha diskasheni kina watu wanane, desa moja na laptop moja yenye chaji. Jamaa mmoja ametoka mkoani kwenye harusi ya dada yake, kafika na mfuko wa visheti na kikohozi kikavu. Akawagawia wote visheti kwa mkono uleule aliokuwa anazibia mdomo. Nani akatae visheti vya harusi? Walikula, wakabishana kuhusu swali la tatu, wakatawanyika saa nne usiku.

Hapo hakuna aliyejua kitu. Na ugonjwa huu ndo unavyofanya kazi: virusi vikishaingia huchukua siku moja mpaka nne kabla mtu hajahisi chochote, mara nyingi ni kama siku mbili. Kibaya zaidi, mtu huanza kuwaambukiza wenzake karibu siku moja kabla yeye mwenyewe hajajisikia vibaya. Kwa hiyo ukisubiri mpaka uone kamasi ndo uanze kujikinga, umeshachelewa.

Jumatano saa kumi jioni bibie alikuwa mzima kabisa, anajaribu viatu vya shoo. Saa moja usiku alikuwa anatetemeka chini ya mashuka mawili na kanga, Dar es Salaam, mwezi wa joto. Kichwa kinagonga, mgongo kama kapigwa na mwiko, macho yanauma akiyageuza.

Kiswahili kina neno moja tu hapa, mafua, na limebebeshwa mizigo miwili. Kuna yale mafua ya kupiga chafya, pua inachuruzika, unakunywa chai ya tangawizi na maisha yanaendelea. Halafu kuna mafua makali, influenza, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa wenye virusi vyake. Haya hayabishi hodi. Yanakuja kwa ghafla, homa juu, mwili wote unauma, nguvu zinaisha hata za kwenda kuoga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa duniani kwa matatizo ya kupumua yanayoletwa na influenza ya msimu. Lakini kwa sababu neno ni moja, ukimwambia mtu "nina mafua" anakujibu "mafua tu?" Hiyo "tu" imewaponza wengi.

Shoo ilikuwa Ijumaa. Shughuli ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, ukumbi mkubwa, msanii anayejulikana. Promota alimuahidi Sh 400,000 kwa kushika maiki usiku mmoja, na nusu alishampa mkononi. Kati ya ile 200,000, bibie alishatuma 150,000 nyumbani kwa mama yake kwa ajili ya shule ya mdogo wake. Iliyobaki ilikuwa miguuni, ni vile viatu. Bumu lilikuwa halijatoka. Kwa hiyo wanaosema "si angekataa tu," wakumbuke kwamba angekataa kwa kurudisha hela ambayo hana.

Alhamisi asubuhi alijikokota mpaka zahanati ya chuo. Nesi, mama wa makamo, akamchoma kidole akapima malaria. Haikuwepo.

"Labda UTI, nesi?"

"Nyie watoto wa siku hizi kila kitu UTI," nesi akacheka. "Mwanangu, haya ni mafua makali. Wewe ni wa sita tangu jana."

Akamwambia kisha akarudia: maji mengi, Panadol kwa homa, alale. Asinunue antibayotiki kwa sababu zile zinaua bakteria, na huyu ni kirusi, hazimwoni. Akae chumbani mpaka homa iishe yenyewe bila Panadol, halafu ahesabu saa 24 nyingine ndo atoke. Akamwandikia ED ya siku nne. Halafu akauliza maswali mawili.

"Chumbani mko wangapi?"

Bibie akameza mate. Chumba ni cha watu wanne. Wanalala saba. "Tuko wanne."

"Kuna mwenye pumu, kisukari, siko seli, au mjamzito? Hao wakishikwa na haya mafua hawasubiri. Waje siku hiyohiyo."

"Hakuna."

Kwa wasiojua maisha ya hosteli za Bongo, kubebwa ni kulala kwenye kitanda cha mwenzako mwenye chumba huku jina lako halimo kwenye daftari la wodeni. Vitanda havitoshi, chumba cha mtaani ni bei, basi watu wanabebana. Bibie alikuwa amembeba shosti wake wa tangu sekondari. Kitanda cha futi mbili na nusu, wanalala mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kichwa kule. Na huyo shosti ana pumu. Tangu utotoni. Bibie ameshamsindikiza hospitali mara mbili wakiwa kidato cha tatu. Alikuwa anajua vizuri kabisa.

Lakini kwenye daftari shosti hayupo. Ukimtaja kwa nesi, umemtaja kwa wodeni, na adhabu ya kubebana ni wote wawili nje na mabegi yao. Basi akasema hakuna, nesi akaandika hakuna.

ED akaikunja akaiweka kwenye pochi. Njiani akapita duka la dawa, akanunua vidonge sita vya antibayotiki bila kuulizwa cheti wala swali. Nesi alikuwa kamkataza nusu saa iliyopita. Ndo watu walivyo, kidonge kikiwa mkononi unajisikia umefanya kitu.

Ijumaa alikunywa Panadol mbili saa kumi na moja jioni na nyingine mbili saa tatu usiku. Homa ikashuka, uso ukang'aa, wapambaji wakafanya yao. Panadol ni dawa nzuri, ila inachofanya ni kushusha homa na maumivu. Virusi haivigusi. Aliyepanda jukwaani alikuwa mgonjwa wa siku ya tatu mwenye meki-apu nzuri.

Na ule ukumbi sasa! Madirisha yote yalizibwa kwa vitambaa vyeusi ili taa zionekane vizuri. Feni mbili tu ndo zilikuwa zinazunguka, na zinachofanya ni kurudisha hewa ileile. Watu wamebanana, wanaimba kwa sauti, saa tatu mfululizo. Nyuma ya jukwaa lipstiki moja ilipita kwenye midomo ya mabinti wanne. Maiki moja ilitoka kwa bibie, ikaenda kwa msanii, ikaenda kwa vijana wa mwaka wa kwanza walioshindana kuimba wapate zawadi, ikarudi kwa bibie. Ukitaka kusambaza mafua kwa makusudi, huwezi kupanga vizuri zaidi ya hapo.

Saa tano kasoro akashuka chini. Hakuwa amekula tangu asubuhi, maji alikunywa chupa moja, na jasho lote lile. Mabaunsa wakamtoa nje, akapepewa, dakika moja akafungua macho. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Shoo inaendelea?"

Aliyemuuguza usiku ule ni shosti. Alimkanda kichwa kwa kitambaa cha maji, akamkorogea uji kwenye jagi la umeme ambalo nalo haliruhusiwi hosteli, akalala naye kitanda kilekile. Safari hii hawakulala mzungu wa nne. Alilala karibu na uso wake ili amsikie akiita.

Jumamosi mchana simu ikaita, mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, shangazi yako kanionyesha kitu kwenye simu. Ni kweli?"

"Si kweli mama. Ni mafua."

Kimya. Halafu mama akasema kwa sauti ya chini, "Mafua gani ya kuangusha mtu? Niambie tu, mimi ni mama yako, sitakupiga."

Bibie akalia. Mama akachukulia kile kilio ndo jibu. Ukurasa mmoja mkubwa wa udaku ulikuwa umeshaandika "chanzo cha karibu kinathibitisha," na mpaka leo haujaandika masahihisho, ijapokuwa miezi tisa imeshapita na mtoto hajaonekana.

Jumapili jioni shosti akaanza kukohoa.

Jumatatu asubuhi, darasani, CR alipopitisha karatasi ya mahudhurio ilirudi haraka kuliko siku zote. Safu za nyuma zilikuwa wazi. Waliokuwepo walikuwa wanakohoa kwa zamu, mhadhiri anasimama anasubiri wamalize. Wengi walikuja wagonjwa kwa sababu kulikuwa na tesiti, na ukikosa tesiti bila karatasi ya hospitali unajipeleka kwenye sapu kwa miguu yako. Hivyo chuo kilikuwa kinawalipa watu maksi ili waje kuambukizana. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, ila sheria ilifanya hivyo.

Kwenye kile chumba cha watu saba, wanne walikuwa chini. Kila mmoja na tiba yake. Tangawizi, limao, kitunguu saumu, asali. Hivyo havina ubaya, koo linapata nafuu. Halafu mmoja akaleta nyungu: sufuria la maji ya moto, majani ya mwarobaini na mchaichai, blanketi juu. Mvuke unafungua pua, sawa, lakini hauui kirusi, na sufuria la maji yanayochemka kwenye chumba kilichojaa ni ajali inayosubiri mtu. Shosti akashawishiwa naye akaingia chini ya blanketi. Mwenye pumu, joto na harufu kali vinaweza kumbana zaidi. Dakika tano tu akatoka anapiga filimbi kifuani.

Kopo lake la kuvuta la pumu lilikuwa limeisha tangu mwezi uliopita. Alikuwa analitikisa kila siku kama anatafuta sarafu ya mwisho kwenye kibubu. Kadi ya bima haijatoka. Ada haijakamilika. Zahanati ya chuo iko mwendo wa dakika nne kutoka kitandani kwake, na hakwenda, kwa sababu pale mlangoni kuna swali: chumba namba ngapi?

Jumanne usiku, saa nane, bibie alishtuka. Shosti amekaa kitandani, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka. "Vipi?" akamuuliza. Shosti akajaribu kujibu na sentensi ikakatika katikati, akavuta hewa, akajaribu tena, ikakatika. Bibie akawasha tochi ya simu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Ukiona hivyo usitafute tangawizi. Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo inayogeuka rangi, kifua kinachouma, kuchanganyikiwa, au homa iliyokuwa imepoa ikarudi na kikohozi kibaya zaidi, huyo ni wa hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku.

Wale wengine chumbani walianza kubishana. Mmoja anasema iitwe bodaboda, mwingine anasema atakaaje kwenye boda katika hali ile. Mwingine akasema wasimwamshe wodeni, wote watafukuzwa. Bibie hakubishana. Akatoka pekupeku na gauni la kulalia, akaenda kugonga mlango wa wodeni.

"Mama, samahani. Nifukuze kesho, ila naomba gari."

"Nani anaumwa?"

"Rafiki yangu. Hayumo kwenye daftari."

Wodeni akamtazama. Ni mama anayeogopwa na hosteli nzima, anayejua kukagua chini ya vitanda. "Anapumua?"

"Kwa shida."

"Leta hiyo kanga yangu. Mambo ya daftari yana mchana wake."

Alikuwa ameshaanza kumpigia dereva wa chuo kabla hajamaliza kuvaa ndala.

Hospitali walimwekea oksijeni, wakampa dawa ya pumu kwa mashine ya kuvuta, wakampiga picha ya kifua. Nimonia, pafu la kulia. Daktari kijana, macho mekundu kwa kukesha, alieleza kwa kifupi: mafua makali hudhoofisha njia ya hewa, bakteria wakaingia kwa mlango uliokwisha kuvunjwa, na pumu ikafunga kilichobaki. Hapo sasa ndo antibayotiki ina kazi, kwa ajili ya nimonia. Ipo pia dawa ya kirusi chenyewe, oseltamivir, ila inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Mgonjwa aliyezidiwa bado anaweza kupewa hata akichelewa.

"Aliugua lini?" daktari akauliza.

"Jumapili jioni."

Daktari akahesabu kwa vidole na hakusema kitu. Bibie alihesabu naye. Angekwenda Jumatatu asubuhi, dakika nne kwa miguu.

Wodeni alilipia kitanda cha usiku ule kutoka kwenye pochi yake. Kesho yake dipoziti ikahitajika, na bibie hana kitu. Akafanya kitu kimoja alichokuwa nacho: akaingia laivu. Tangu Jumamosi alikuwa hajaposti chochote, kwa hiyo watu walimiminika. Walikuja kusikia nani baba wa mtoto. Alikaa kwenye benchi la nje ya wodi, hana hata poda, akawaambia: mimba sina. Nilikuwa na mafua makali, nesi alinipa ED, niliificha kwenye pochi nikaja kwenye shoo, na huenda baadhi yenu mnaokohoa sasa hivi mmetoka na kikohozi changu. Mtu wangu wa karibu yuko ndani kwenye oksijeni. Naomba mchango.

Nusu ya watu wakatoka kabla hajamaliza. Komenti ikapita: "kiki ya mafua, hii mpya." Mwingine: "nilijua tu Ijumaa umeniambukiza, dada nitakudai ada ya sapu." Lakini hela ziliingia, buku buku, mia tano mia tano. Zilitosha dipoziti. Bili hazikutosha.

Jumatano hiyohiyo wodeni, nesi na mshauri wa wanafunzi walikaa kikao. Kilichotoka hapo ndicho kilichozima moto, na ajabu ni kwamba dawa haikuwa kubwa sana ndani yake. Jambo la kwanza lilikuwa msamaha. Wodeni mwenyewe alipita chumba hadi chumba akasema: kwa wiki mbili, aliyebeba na aliyebebwa wajiandikishe, hafukuzwi mtu. Nesi ndiye aliyeng'ang'ania hilo. Hoja yake ilikuwa rahisi, hawezi kuhesabu wagonjwa kama nusu ya hosteli haipo kwenye karatasi. Siku ya kwanza hawakutokea, walidhani ni mtego. Siku ya pili, walipoona bibie bado ana chumba chake, foleni ikawa mpaka kwenye ngazi. Kati ya waliojiandikisha walikuwemo wawili wenye siko seli na mmoja mjamzito, ambao mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa anajua wapo. Hao wakahamishiwa vyumba visivyo na wagonjwa.

La pili lilikuwa tesiti. Zikasogezwa wiki mbili mbele, na mwenye homa akaruhusiwa kukosa kipindi kwa meseji tu kwa CR, bila karatasi. Wahadhiri wengine walinuna, wakasema wanafunzi watadanganya. Pengine wapo waliodanganya. Lakini foleni ya watu wanaokwenda zahanati kutafuta karatasi tu, wakikoholeana kwenye benchi moja, ilikwisha siku hiyo.

Ukumbi wa TV ukageuzwa chumba cha wagonjwa, madirisha wazi mchana na usiku, vitanda vimeachana, neti juu. Chakula wanapelekewa na wenzao waliokwisha kupona. Ndoo zenye koki na sabuni zikawekwa mlangoni mwa kafteria. Barakoa zile za enzi za korona zikatolewa stoo. Na shughuli ya usiku iliyokuwa imepangwa wiki inayofuata ikaahirishwa, jambo lililomuuma promota kuliko mafua yenyewe.

Haya mambo si mageni duniani. Mwaka 2009, ule mwaka wa mafua ya H1N1 yaliyoitwa ya nguruwe, chuo kikuu cha Washington State kule Marekani kilifungua muhula mwezi Agosti, na ndani ya muda mfupi zaidi ya wanafunzi 2,000 walikuwa wametoa taarifa za dalili za mafua. Vyuo ni hivyo popote: vijana kutoka kila kona wanakutana siku moja, wanalala chumba kimoja, wanakula sahani moja, wanabusiana. Wenzetu huko wana chanjo pia. Inabadilishwa karibu kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika, na wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka chini ya Shirika la Afya Duniani kuchagua aina za kuweka, mara moja kwa ajili ya nchi za kaskazini na mara moja kwa za kusini. Hata hivyo chanjo haikupi ruhusa ya kupanda jukwaani na homa.

Wiki ya tatu kikohozi kilikuwa kimepungua darasani. Shosti alilazwa siku sita, akatoka amekonda, na kopo jipya la kuvuta kwenye mfuko wa begi ambao haufungwi zipu.

Promota alidai 100,000 yake, akisema shoo ilifanyika nusu. Bibie anailipa kidogo kidogo, imebaki 30,000. Mwezi wa pili akaitwa kwenye kazi nyingine, siku mbili kabla akapata homa, akapiga simu mwenyewe kusema haji. Kazi ikaenda kwa binti mwingine, ambaye siku hizi ndo anaonekana kila mahali. Hilo bibie halipendi kuulizwa.

Semista iliyofuata shosti alipata kitanda chake halali, jina kwenye daftari, chumba kilekile. Lile swali la nesi hawajawahi kuliongelea. Bibie aliwahi kuanza usiku mmoja, taa zimezimwa, akasema, "Shosti, siku ile zahanati, nesi aliniuliza..."

"Funga dirisha bwana," shosti akamkatiza, "mbu wanaingia."

Bibie akanyamaza kidogo. Dirisha akaliacha wazi, akainuka akamshushia neti.